Mkono Uliofunga Mfuko

Punda aliingia uchochoroni wakati ukungu ungali umekalia migomba, na Subilaga alimsikia kabla hajamwona. Miguu ya mpira ikikanyaga matope hutoa mlio wake, na katika mji wa Lwasi hakuna aliyewahi kuusikia mlio huo asubuhi akaendelea kunywa chai kwa amani. Kila mtu hutega sikio na kuomba kimoyomoyo kwamba upite, uende kwa jirani. Asubuhi hiyo haukupita. Ulikoma kwenye geti lake.

Alitoka na kikombe mkononi, nusu kwa aibu na nusu kwa kutaka kucheka. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa pua katika idara ya usafi ya mji. Punda wote wa Lwasi alikuwa amewafundisha yeye kunusa. Kumletea yeye mzigo ilikuwa ni sawa na mbwa kumbwekea aliyemlea.

Punda alisimama kimya, umande ukimtiririka mgongoni. Waliomuunda walimpa miguu minne na mgongo wa kubebea, wakaona kichwa hakina kazi. Mahali pa kichwa pana pua tu, kipande cha kitu laini chenye unyevu, kinachojikunja na kujikunjua muda wote hata pasipo na cha kunusa. Watoto hukiogopa. Watu wazima nao hukiogopa, ila wao husema kinawachukiza.

Alipiga magoti, akateremsha mfuko mweusi kwenye kizingiti, akasema kwa ile sauti ya upole waliyopewa punda wote: "Mwenyewe, pokea chako."

"Umepotea njia wewe," Subilaga akamwambia. "Mimi situpi."

Maandishi yakawaka kwenye bamba la shingoni. Aliyasoma, akafuta umande kwa kiganja, akayasoma tena. Mkono uliofunga: Sekela. Mkazi wa nyumba hii. Umefungwa jana.

Sekela alikuwa mama yake. Walimzika mvua zilizopita nyuma ya kanisa, na Subilaga ndiye aliyetupa udongo wa kwanza.

Aliingiza mfuko ndani, akafunga mlango, akaufungua juu ya sakafu ya jikoni. Kulikuwa na maganda ya viazi ambayo bado yalikuwa na maji yake, majani ya chai yaliyolowa, pakiti ya maziwa, na nepi za mtu mzima zilizokunjwa vizuri kama zile alizokuwa akivaa mama mwisho wake. Vyote vilikuwa vya jana. Aliogopa. Lakini chini ya ule woga kulikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi. Kwa kitambo kidogo aliamini kabisa kwamba mama yake yuko mahali fulani hapo mjini, amemenya viazi, amekunywa chai yake, ametoka kutupa taka.

Hakuupeleka mfuko ule dampo siku hiyo. Ulilala jikoni, naye alilala mlango wa chumba ukiwa wazi.

*

Kabla ya punda, Lwasi ilikuwa na mgambo, mabango na faini, na Korongo la Mwela lilijaa vilevile. Mgambo walijificha vichakani kuwavizia watupaji, wakarudi na mafua. Kamera ziliibwa, moja ilikutwa ndani ya korongo lenyewe, imetupwa pamoja na taka. Ukimuuliza mtu nani kalitupa gunia hili, alikuwa hajaona, na alikuwa hajaona kwa sababu la kwake lilikuwa chini ya hilo. Gari la taka lilipita barabara ya lami tu, kwa siku linazozijua lenyewe. Vichochoroni lilikuwa likisikika kwa mbali, basi. Halmashauri ingeweza kununua magari zaidi. Ikanunua pua.

Jasho la kiganja hubaki kwenye fundo la mfuko. Pua hulisoma, hulinganisha na harufu za wakazi wote, hai na wafu, zilizochukuliwa siku ya kuandikishwa, na kupata jina na nyumba. Haisomi aliyekula wala aliyechafua. Husoma mkono uliofunga. Mzigo ukikurudia mara ya kwanza ni onyo. Mara ya pili jina lako linatangazwa kwenye spika za sokoni. Mara ya tatu nyumba huzimwa: bomba linakauka, umeme unakatika, mlango wa zahanati haukufungukii, mpaka kesi isikilizwe, na kesi za Lwasi zilikuwa hazina haraka. Kipengele cha kubisha hakikuwekwa. Subilaga mwenyewe aliulizwa na madiwani kama pua hukosea, naye akajibu kwa kujiamini kwamba hazikosei.

Mzigo wa pili ulikuja wiki iliyofuata. Spika za sokoni zikatangaza jina la Sekela katikati ya bei za maharage, na kina mama waliokuwa wakichagua nyanya wakaacha mikono hewani. Mmoja alijifunika uso kwa khanga. Siku hiyohiyo Subilaga akaitwa ofisini.

"Kaa, dada," alisema Bwana Mwasyoge, mkuu wa idara, mtu mwembamba aliyekuwa na tabia ya kufuta miwani hata ikiwa safi. "Pole. Najua siyo jambo la kuchekesha. Ila hauko peke yako."

Akawasha ramani ukutani. Vidoti vya manjano vilikuwa vimetapakaa mji mzima.

"Hawa wote ni marehemu," alisema. "Mwalimu wa kwaya, Mungu amrehemu, katupa matairi. Yule bibi wa mashine ya kusaga anatupa chupa kila Jumatatu. Nusu ya Mwela sasa hivi ni ya watu waliokufa. Wananchi wametuzidi akili, Subilaga. Wanazungushia mikono nguo ya marehemu, wanafunga mfuko, pua inasoma jasho la marehemu. Hivi nyinyi huku nguo za maiti hamfui?"

"Hatufui," alisema Subilaga.

Hilo ndilo lililokuwa limesahaulika. Pua zilitengenezwa mbali, na watu ambao kwao nguo ya marehemu hufuliwa au huchomwa. Lwasi nguo hugawiwa siku ya arobaini kwa waliomuuguza marehemu, na aliyepewa hupewa pamoja na harufu. Kumpa mtu iliyofuliwa ni kumwambia hakuwa wa karibu. Waliotengeneza hawakulijua, wangelijuaje? Lakini yeye alizaliwa hapa. Alikuwa amegawa nguo za mama yake kwa mikono yake miwili, na bado hakuliwaza.

"Njia ni mbili," alisema Mwasyoge. "Ya kwanza, tuwafute marehemu wote kwenye pua. Inahitaji kiganja chako, wewe ndiye fundi. Tukifanya hivyo mifuko yao itakuwa haina mwenyewe, itabaki korongoni, na kila mwenye shati la babu yake atatucheka. Ya pili, unikamatie mmoja. Mmoja tu, tumsimamishe sokoni, wengine wataogopa. Na wewe una bahati, wa kwako unaweza kumpata. Nguo za mama yako ulimpa nani?"

Alizigawa kwa wanawake wengi, na akamwambia hivyo.

"Basi mfuate. Mzigo wa tatu ukifika kwako, nitaizima nyumba yako kama ya mtu mwingine yeyote. Usinifanye nifike huko."

Alipokuwa akitoka, Mwasyoge aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye pia alikuwa amefiwa na mama, na kwamba wakimfuta hatakuwa amekufa zaidi ya alivyokufa. Pengine alitaka kumfariji. Subilaga alitembea mpaka nyumbani akiwa na maneno hayo tumboni.

*

Alimchukua punda mkongwe aliyeitwa Kijivu, ambaye pua yake ilikuwa imechakaa lakini haikuwa na papara, akashuka naye mpaka ukingo wa Mwela. Ilikuwa saa za mchana, ila Lwasi mwezi ule mchana na alfajiri havikutofautiana. Ukungu ulijaa korongoni hadi ukingoni, na kutoka ndani yake kulisikika mifuko ikijinyoosha na kuteleza polepole juu ya mingine.

"Nitafutie Sekela," alisema.

Pua ilijikunjua. Kijivu akageuka, akaanza kupanda.

Hakushika njia kuu. Alikata kwenye mashamba ya chai, akafuata kijia chembamba ambacho Subilaga alikijua, kwa kuwa alikuwa amepitishwa hapo akiwa mgongoni. Kwenye jiwe la bapa Kijivu akasimama. Mama yake alikuwa akipumzikia pale, akilalamikia goti. Punda alisimama kiasi kilekile alichokuwa akikaa mama, kisha akaendelea. Alisimama tena kwenye kibanda cha maziwa. Alisimama kwenye ubavu wa kanisa, upande wa makaburini, pua ikicheza, na Subilaga akadhani sasa watageukia kule. Hawakugeukia. Kijivu aliteremka kwa hatua fupi fupi, akiegemea kushoto kidogo kwenye utelezi, kama ambavyo mama yake alikuwa akiegemea.

"Mama," aliita, na mara akajiona mjinga. Hakuna aliyeitika, lakini punda alisimama, akasubiri afike.

Waliishia kwenye uchochoro wa mwisho kabisa chini ya mlima, penye mlango wa mbao uliopakwa rangi ya bluu. Subilaga aliutambua kabla hajaufikia. Ni kwa Mama Ipyana. Katika miezi ya mwisho ya Sekela, mwanamke huyu alishinda sakafuni kando ya kitanda chake ili Subilaga aweze kwenda kazini. Yeye na Sekela walikuwa wametembea vijia vile pamoja tangu usichana wao, wakipumzika kwenye jiwe moja, na kumbe ndivyo mmoja alivyokuja kuwa na mwendo wa mwenzake. Siku ya arobaini Subilaga alimpa kile kitenge cha zambarau ambacho mama alikuwa amejifunika alipokufa.

"Mugonile, mama," alisalimia mlangoni.

Mama Ipyana alimtazama yeye, akamtazama punda nyuma yake, akaelewa. Hakukana, akaitika salamu. "Ndaga, mwanangu. Pita. Huyo abaki nje, Baba Ipyana atashtuka."

Ndani kulikuwa safi na kulikuwa na giza. Baba Ipyana alilala ukutani, upande mmoja wa mwili umekufa tangu kiharusi, macho yake yakimfuata mgeni. Kitenge cha zambarau kilikuwa kimekunjwa juu ya stuli. Subilaga alikitambua, akakaa kwenye stuli ya pili.

"Nilidhani marehemu hana mlango," alisema Mama Ipyana. "Nilijua pua itasoma Sekela, basi itachoka, mfuko ubaki hukohuko. Niliposikia spika zinamtaja sokoni ndipo nilipojua vinakuja kwako. Nimeona aibu hata kupita kwako nimeshindwa."

"Kwa nini usipeleke dampo, mama?"

"Dampo liko juu ya mlima. Nikienda na kurudi jua limezama, na huyu nani wa kumgeuza? Gari halifiki huku. Tumeambiwa njia ni mbaya." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Ila huyo wenu njia haimshindi. Wa kunirudishia taka anafika mpaka kitandani. Wa kuzichukua ndiyo hawezi."

Subilaga akashika lile alilokuwa nalo. "Ungefunga kwa mkono wako. Ungepata onyo tu."

"Onyo nilishapata. Na kwenye spika walinitaja. Ningepata la tatu wangefunga maji, na mlango wa zahanati, na huyu kila mwezi anadungwa sindano." Alisema bila kupandisha sauti. "Hukusikia waliponitaja?"

Alikuwa amesikia. Alikuwa sokoni, mwaka jana, mama yake akiwa bado hai na hoi kitandani. Alikumbuka alivyowaza: hata Mama Ipyana naye? Alikumbuka kwamba jioni ile alimsalimia kwa ubaridi kidogo.

"Vile vilivyokurudia vilikuwa vya nani?" aliuliza, na alipouliza akawa tayari amejua.

"Subilaga mwanangu. Ulidhani vya mama yako vilikuwa vinakwenda wapi? Wewe unaondoka asubuhi, unarudi usiku, unakuta ndani panang'aa. Sekela hakuwa na mkono wa kufunga mfuko. Nilifunga mimi, nikashuka navyo Mwela. Vikarudi kwangu. Sikuona sababu ya kukwambia, ulikuwa na yako." Alikichukua kitenge, akakipakata. "Nilibeba vyake. Niliposhindwa, nikamwambia, Sekela, nawe nibebee. Najua amekufa. Lakini nilimwambia."

Baba Ipyana alitoa sauti kutoka kooni, na mkewe akainuka kumpangusa mdomo. Subilaga alilia pale kwenye stuli, kwa aibu zaidi kuliko kwa huzuni, na hakuna aliyemzuia.

Aliponyamaza, Mama Ipyana alisema: "Kipeleke kitenge ofisini. Waambie umenipata. Cha leo nilishakitupa, kitakufikia kesho. Ukiwahi kunitaja labda nyumba yako itapona."

Subilaga alikishika kitenge. Kilikuwa bado na harufu, mafuta ya nazi na moshi na jasho la ugonjwa. Akatafuta pindo kwa meno, akaliuma, akavuta. Kitambaa kilipasuka kwa mlio mrefu uliomfanya Kijivu aingize pua mlangoni. Akaweka nusu moja kwenye mapaja ya Mama Ipyana.

"Endelea kufungia," alisema. "Mlango upo. Vije kwangu, nitavipandisha mimi."

*

"Umempata?" aliuliza Mwasyoge.

"Nimempata. Ni mama yangu."

Miwani ilisimama mkononi. "Usifanye mchezo."

"Pua zimesoma Sekela mara mbili, kesho zitasoma Sekela mara ya tatu. Pua hazikosei. Niliwaambia madiwani hivyo na wewe ulikuwepo, ukapiga makofi."

"Basi weka kiganja, tuwafute."

"Siweki."

Mwasyoge akaivaa miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye korongo lililojaa na wakubwa waliokuwa wakipiga simu. "Nitaomba fundi kutoka mkoani," alisema hatimaye. "Atakuja. Siku akija, mama yako atatoka kwenye pua, utake usitake. Na wewe hutakuwa na kazi, wala maji. Kwa ajili ya mtu usiyetaka hata kumtaja."

"Nimeshamtaja," alisema Subilaga.

Mzigo wa tatu ulifika kesho yake. Aliupokea, na kabla punda hajatoka uchochoroni bomba la uani lilikohoa likanyamaza. Nyumba iliyozimwa haimo tena katika pua. Kwa punda, pale penye geti na ukuta na Subilaga pana ukungu tu.

Kwa hiyo asubuhi zilizofuata aliwasubiri nje. Walikuja kwa mazoea ya njia, mfuko mgongoni, wakafika pale ambapo nyumba ilikuwa, wakaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, wakinusa kama mtu aliyesahau kwao. Walimpita karibu kiasi cha kumgusa na hawakumwona. Ndipo alipojitanda nusu ya kitenge mabegani, akazungushia ncha yake kiganjani. Punda akisikia harufu ya mtu nje ya nyumba humwita kwa jina. Akamwita Sekela. Subilaga akaweka mkono wenye kitenge kwenye bamba, bamba likakubali, akajitwisha mfuko na kuanza kupanda mlima. Majirani waliochungulia madirishani walianza kunong'ona kwamba Sekela amerudi, na wengine wao, wenye mashati ya babu zao, wakanyamaza zaidi ya wote.

Siku moja Kijivu ndiye aliyeleta. Jana yake gari lenye namba za mkoani lilikuwa limeonekana limeegeshwa mbele ya idara, na Subilaga hakuwa amelala. Alisimama getini amejitanda, akimtazama akija. Kijivu alifika, akapita mbele yake. Akarudi. Pua ilijikunjua kuelekea kwake, ikajikunja, ikabaki hivyo, na ukungu ukaendelea kupita kati yao. Alinyoosha mkono uliofungwa kitenge, akauacha hewani.

Pua ilimgusa kiganjani, baridi na laini, ikakaa hapo muda mrefu.

"Sekela," alisema punda kwa upole. "Pokea chako."

"Nimepokea," aliitika Subilaga, akainama, akauchukua mzigo.